Yaya Hakaliwi

Ukitaka kumjua mtu wa Kabumba aliyepanga chumba Berea, hapa Johannesburg, usimwulize kabila wala kanisa. Mwulize habari za yule mzee aliyekuwa gavana wao kule mashariki ya Kongo, halafu tega sikio usikie atamwita nani. Akisema Yaya, huyo ni mtu wake, na ukimsema marehemu vibaya umemtia kidole jichoni. Akisema Katapila, huyo ana kaburi kifuani, na afadhali usimtanie. Jina la tatu hakuna.

Thérèse alikuwa amelitafuta hilo jina la tatu miaka yote aliyokaa Johannesburg. Alisema "yule mzee", alisema "mkubwa wa kule", na akibanwa sana alijitia pini mdomoni. Fundi cherehani ana bahati hiyo. Mwenye pini katikati ya midomo hakuna anayemlazimisha kuzungumza siasa, na kwa hizo pini zake Thérèse aliweza kuwashonea wote: watu wa Yaya sare za kwaya, watu wa Katapila suti za harusi, na wote wakamwona ni mtu wao.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha chini katika ghorofa kuukuu ambalo lifti yake ilikufa kabla yeye hajafika mjini. Upande mmoja alikaa Mwatumu wa Tanga, muuza khanga, udi na maneno. Upande wa pili kulikuwa na saluni ya Gustave, kijana wa Kabumba, mtu wa Katapila kindakindaki. Umeme ukikatwa, Gustave alivuta waya kutoka kwenye jenereta yake hadi kwenye cherehani ya Thérèse, wala hakutaka asante. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wabaya watupu wapo katika hadithi za kutishia watoto tu, na hii siyo.

Mwatumu ndiye aliyecheka kwanza aliposikia lile jina. "Gavana mzima mnamwita yaya? Kwetu yaya ni msichana wa kulea watoto! Huyo wenu alimnyonyesha nani?"

Thérèse alimweleza kwamba kwao yaya ni kaka mkubwa au dada mkubwa, yule aliyekutangulia kutoka tumboni, na mtu humwita hivyo kwa mapenzi na heshima. Hakumweleza zaidi. Hakumwambia kwamba naye alikuwa na yaya wake, wa damu, jina lake Damien.

Damien alikuwa mtangazaji katika redio ndogo ya mtaani huko Kabumba. Gavana alipotaka kupitisha barabara yake kubwa, alituma matingatinga yakaubomoa mtaa mzima wa Kisimani alfajiri, wenyewe wakiwa bado wanatafuta viatu. Ndipo alipopewa jina la Katapila. Wale vijana wa redio wakaanza kuyasoma hewani majina ya waliofukiwa na nyumba zao. Waliyasoma kwa juma zima. Kisha gari lilikuja na kuwachukua vijana wote, na hadi leo hakuna aliyeonyeshwa hata kiatu chao.

Barabara ikaisha, na ilikuwa barabara kweli. Mgonjwa aliyekuwa akibebwa kwa machela siku nzima sasa alifika hospitali kabla uji haujapoa, na hiyo hospitali pia aliijenga yeye huyohuyo. Thérèse mwenyewe alipasuliwa humo siku ya kumzaa binti yake, Victoire, na wote wawili wakatoka hai. Sasa mtu kama huyu utamwita nani? Wafuasi wake walimpa na cheo juu ya jina: Yaya wa Barabara. Wakikutana, mmoja huita "Yaya!" na wengine huitika "Barabara!", kwa maana zote mbili, njia na sawasawa.

Jambo moja tu Thérèse alilitaka duniani, na halikuwa kulipa kisasi. Alitaka kujua Damien yuko wapi, ili mama yao apate kulia. Maana yule mama alikataa katakata kukaa kilioni. "Simulilii mutu mwenye sikumuona," alisema, na akaendelea kumwekea mwanawe chakula kwenye sahani kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi. Binti aliyeko ugenini na mama aliyeko nyumbani walikuwa wameshikilia machozi kama watu wawili walioshika kamba, na hakuna aliyethubutu kuiachia kwanza.

Basi yule mzee akafa. Na akafa wapi, kama si hapahapa Johannesburg, katika hospitali moja ya upande wa matajiri, alikokuwa akitibiwa tangu alipokimbia nchi. Serikali ya kwao ikasema maiti yake haitavuka mpaka. Familia ikasema itazikwa katika uwanja wa Kabumba, haizikwi popote pengine. Mwili ukabaki kwenye barafu, na watu wa Kabumba wote waliotawanyika kutoka Hillbrow mpaka Soweto wakawa wanalala na kuamka na maiti isiyozikwa. Wazee husema maiti isiyozikwa hutafuta mwenzake. Gustave aliwanyoa watu bure kutwa nzima huku muziki ukipasua spika. Barabara ya pili kutoka hapo, kanisani, akina mama walikuwa wakigaagaa chini.

Siku ya tatu Papa Elisée aliingia dukani na vijana wawili waliobeba bunda la vitenge.

Papa Elisée alikuwa mwenyekiti wa watu wa Yaya, mtu mrefu, mkubwa wa walinzi katika kampuni fulani ya ulinzi. Kule Kabumba alikuwa msimamizi wa kazi za barabara. Thérèse alikuwa na deni kwake ambalo halihesabiki. Mwaka ule wageni walipopigwa, alikuwa amepanga kibanda nyuma ya spaza moja, kiduka cha mtaani, huko Soweto, na kundi lenye marungu lilikuwa limeshafika kwa jirani. Papa Elisée alikuja na gari la kazini, akiwa na sare yake, akasimama mlangoni mikono mitupu. "Huyu ni dada yangu," aliwaambia kwa Kizulu chake kibovu. Jiwe lilimpasua juu ya nyusi, naye hakusogea. Kovu lile bado analo. Thérèse na Victoire walikaa nyumbani kwake hadi hofu ilipowatoka.

"Maman Thérèse," alisema sasa, "mi sikukuombaka kitu hata siku moja. Leo ninakuomba. Yaya amekufa kama mukimbizi. Tunafanya kilio Jumapili, na tunataka batu bavae nguo ya heshima."

Akakifungua kitenge. Kilikuwa cha kijani, na kila mahali palijaa sura ya yule mzee: miwani yake, kofia yake, lile tabasamu la upande mmoja. Chini ya kila sura pameandikwa YAYA WA BARABARA. Macho yalikuwa mengi mno kwa chumba kidogo kama kile.

"Unajua sheria," alisema Papa Elisée.

"Naijua, Papa."

"Yaya hakaliwi."

Hiyo ndiyo sheria ya kitenge chenye sura, na kila fundi wa Kongo anaijua. Kitenge cha maua unakikata upendavyo, lakini kitenge cha mkubwa kina kichwa na miguu. Sura zote zinatazama juu, kwa hiyo huwezi kukigeuza ili kuokoa kitambaa. Uso ukae kifuani au mgongoni. Usiangukie kwapani, ukanuka jasho. Na zaidi ya yote usiangukie makalioni, mtu akaja kuukalia. Kumkalia mkubwa ni tusi lisilofutika, na fundi akikosea ataambiwa amefanya makusudi. Mafundi wamekimbia miji kwa sababu ya sketi moja.

Thérèse akatia pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa. Angesema nini kwa mtu mwenye kovu lile?

Mchana huohuo Gustave akaja na mkasi wake mkononi, akasimama kizingitini bila kuingia.

"Maman, nimeona bunda."

"Ni kazi, Gustave."

"Kazi." Aliutazama uso wa juu kabisa kwenye bunda kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumng'ata. "Baba yangu alibaki Kisimani chini ya ukuta. Tulimutambua na mukanda. Sasa weye, jirani yangu, utamushonea Katapila?"

"Nashona nguo. Simshonei mtu."

"Eish, Maman." Akatikisa kichwa. "Mi sikutishi. Mi nakupenda. Lakini bale vijana benzangu si mimi. Bamesema mwenye atashona ile kitambaa, atalala nayo."

Kesho yake asubuhi, Thérèse alipofika kufungua, alikuta tairi kuukuu la gari limeegemezwa mlangoni. Halikuwa na maandishi wala karatasi. Hapa Johannesburg tairi mlangoni halihitaji maandishi. Kila mtu anajua ni shingo ngapi zilivikwa tairi katika mji huu, na petroli na kiberiti vilivyofuata. Mwatumu alilibingirisha mpaka kwenye jalala la kona, akarudi akinawa mikono na kusoma dua.

"Shoga, rudisha kitambaa cha watu," alisema. "Kwetu nguo husema kwa maneno, mtu akakasirika yakaisha. Hii yenu inakutazama tu. Mimi nguo inayonitazama siitaki."

"Nikirudisha, nitakuwa wa Katapila."

"Na ukishona?"

"Nitakuwa wa Yaya."

"Basi mwambie kila mtu ukweli wako."

Thérèse alicheka, lakini hakikuwa kicheko. Ukweli wake ulikuwa hauna mwisho. Angewaambia nini? Kwamba kaka yake amepotea? Aliyepotea ni wa nani? Akaketi, akakanyaga cherehani, na kila alipoinua macho aliwaona vijana wawili wamesimama ng'ambo ya barabara karibu na robot, ile taa ya kuongozea magari, inabadilika nyekundu, kijani, nyekundu tena, na wao hawavuki.

Jumatano mama yake alipiga simu kutoka Kabumba, mchangamfu kuliko kawaida. Alikuwa akiuza samaki wakavu kando ya ile barabara kubwa, pale Mwiru, kijito kinapopita chini ya lami ndani ya kalavati la zege. Mahali pale lami haikutulia tangu ilipowekwa. Kila masika inabonyea, kila kiangazi wanaijaza, na masika yakirudi inabonyea tena. Wenye magari hulaani, lakini wauzaji hushukuru, kwa sababu gari lazima lipunguze mwendo, na gari likipunguza mwendo samaki huonekana.

"Imeinama tena!" alisema mama kwa furaha. "Nimesogeza kigoda yangu mpaka juu ya kalavati yenyewe. Leo nimeuza yote."

"Vizuri, Mama. Jihadhari na magari."

"Yanipite wapi? Bananijua bote. Mi ni bibi ya shimo." Kisha akaacha mambo ya samaki. "Huko haujasikia kitu?" Aliuliza vilevile kila simu, miaka yote.

"Sijasikia, Mama."

Ijumaa Mama Gaëlle akaja kupima gauni lake. Huyu alikuwa mke wa Papa Elisée, mama mnene mwenye moyo mweupe, mwepesi wa kulia na mwepesi wa kulisha watu. Ndiye aliyempa Thérèse blanketi na uji siku zile za marungu. Alisimama juu ya kiti mbele ya kioo, Thérèse amepiga magoti nyuma yake akikunja upindo, pini mdomoni.

"Angalia nyuma vizuri," alisema Mama Gaëlle. "Asianguke ku makalio. Yaya hakaliwi."

"Mm," alisema Thérèse. Uso mmoja ulikaa katikati ya mabega, barabara kabisa, na chini ya kiuno alikuwa ameacha majani ya kijani matupu.

Kutoka saluni muziki wa Gustave ulikuwa ukigonga ukuta. Mama Gaëlle alikunja uso.

"Bale batoto. Banacheza juu ya mutu aliyekufa! Banasema aliua. Aliua nani? Kisimani baliambiwa batoke, bakakatala. Bale vijana ya redio, bon, sawa. Lakini hata bale, maman, angekuwa mukubwa mwingine angebatupa bakuliwe na mbwa. Yeye alisema hapana, bafunikwe. Njo roho yake ilikuwa vile."

Mikono ya Thérèse ikasimama kwenye upindo. Midomo yake ikazibana zile pini.

"Elisée wangu njo alisimamia," aliendelea yule mama, akijigeuza kidogo kutazama mkono wa gauni. "Ku Mwiru, pale kwa kalavati. Kulikuwa shimo tayari. Balibalaza mule, kisha zege. Elisée alirudi asubui, hakula siku mbili. Nikamuambia, Papa, kula, umebazika batu, si zambi. Na unajua ile fasi mpaka leo barabara haitulii? Inainama kila mwaka. Lakini balifunikwa. Sasa niambie weye, mutu mubaya anawaza kufunika batu?"

Muziki wa saluni uliendelea. Thérèse aliona tone jekundu juu ya kitenge cha kijani, kisha la pili, akatambua kwamba pini imemchoma mdomo. Matone yaliangukia kwenye majani, hayakugusa uso. Akayafuta kwa mate, kama fundi yeyote anavyofuta damu yake, maana mate ya mwenyewe huondoa damu ya mwenyewe.

"Umejichoma, masikini," alisema Mama Gaëlle. "Pumzika basi."

"Nimemaliza, Mama."

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Husema hivyo wakimaanisha rafiki au ndugu, na wengi wanaosema hawajashika sindano maishani. Thérèse aliifunga ile nguo vizuri, akaitia kwenye mfuko, akamsindikiza mteja wake hadi nje, akarudi, akaingia nyuma ya pazia la kupimia, na huko akauma kipande cha kitenge ili Mwatumu asisikie.

Sasa alijua. Tena alijua na mahali. Na ujuzi ule ulikuwa petroli. Kumwambia Gustave kungekuwa kuwasha kiberiti. Vijana wale wangekwenda kwa Papa Elisée kabla ya jua kutua, na lile tairi lingepata shingo yake. Shingo ya mtu aliyesimama mlangoni na kusema huyu ni dada yangu. Mtu huyohuyo aliyesimama juu ya shimo na kusema mimineni. Thérèse alijaribu kumchukia akaweza, akajaribu kumsahau yule mwingine wa Soweto akashindwa. Hasira yake hakupata pa kuiweka. Na mama? Angemwambiaje mama, kwa simu, katikati ya soko, kwamba kile kigoda chake...? Hakumaliza wazo lile. Jumamosi alizima simu.

Jumapili, baada ya ibada, ukumbi wa kanisa ulifurika kijani. Nguo zilikuwa zimekaa vizuri, lazima niseme. Nyuso mia zilitazama kutoka vifuani na migongoni, na hakuna aliyekalia hata sikio. Mbele paliwekwa picha kubwa ya yule mzee na mishumaa, na kijana mmoja alisimamisha simu kwenye mti wa chuma, akirusha kilio chote moja kwa moja ili watu wa Kabumba nao waone. Milango ilikuwa na walinzi wa Papa Elisée. Ng'ambo ya barabara, chini ya jua kali, vijana wa Gustave walikuwa wamesimama kundi, wakitazama kilio hichohicho kwenye simu zao.

Thérèse alikuja amevaa nguo nyeusi tupu, bila uso wa mtu. Alikuwa amekusudia kukaa nyuma kidogo, aonekane, kisha aondoke. Lakini kilio cha watu wa kwetu kina ngazi zake. Mama mmoja alianza, wa pili akapokea, kisha sauti zote zikapanda pamoja, ile sauti ya wanawake inayotoka chini ya kitovu, na ikamkuta Thérèse amesimama na machozi ya miaka yote. Hakuwahi kukaa chini kilioni tangu Damien achukuliwe. Alijikuta sakafuni, khanga ya kiunoni imefunguka, mikono kichwani.

"Yaya!" alilia. "Yaya wangu wee! Yaya wa tumbo moja!"

Watu walimgeukia. Fundi yule wa pini, aliyekuwa hana upande, leo amelitaja jina! Wanawake walimzunguka wakilia naye.

"Umelala ku barabara, Yaya! Bamekufunika na barabara! Magari yanapita juu yako, na sisi tunakutafuta!"

"Barabara!" ukumbi mzima uliitika, ukidhani ameutupia ule wito wao. "Yaya!"

"Yaya! Unalala chini ya barabara!"

"Barabaraaa!"

Mtu mmoja tu hakuitika. Papa Elisée alikuwa amesimama kando ya mishumaa na kipaza sauti mkononi, na mkono ule ulishuka polepole kama mkono wa mgonjwa. Alimtazama yule mwanamke sakafuni. Labda sasa ndipo alipokumbuka kwamba hakuwahi kumwuliza jina la baba yake, au kwamba mmoja wa wale vijana wa redio alikuwa na paji la uso kama lile. Kisha, mbele ya watu wake wote, akaketi kwa uzito kwenye kiti kilichotandikwa kitenge cha marehemu, akakalia ile sura, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Thérèse alirudi peke yake, mchana mweupe, macho yamevimba. Alipopita ng'ambo, vijana wa Gustave walimfungulia njia, na hilo lilitisha kuliko matusi. Gustave alikuwa katikati yao. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Yaya," alimwambia, akilitema. "Tumekusikia bote. Yaya wako."

Angeweza kusema. Maneno sita tu, na kijana huyu angemkumbatia na kulia naye. Lakini nyuma ya Gustave alikuwapo mwingine aliyeshika chupa ya plastiki, na mlango wa kanisa ulikuwa hatua chache, na Papa Elisée alikuwa ndani. Thérèse akafunga midomo kama aliyebana pini.

"Sharp, Maman," alisema Gustave. "Basi umechagua."

Waya wa jenereta ulikuwa umeshakatwa alipofika dukani. Tairi lilikuwa limerudi. Safari hii halikuegemezwa. Lilikuwa limelazwa juu ya meza yake ya kukatia, katikati kabisa, na sakafu ilinuka petroli. Mwatumu alikuwa amefunga duka lake. Thérèse alipowasha simu akakuta ujumbe wake wa sauti: "Chukua Victoire uje kwangu, usikae hapo, shoga, nakuomba kwa Mungu." Alitaka kumjibu kwa simu hiyohiyo. Kabla hajagusa kitu ikaanza kulia mkononi. Ilikuwa namba ya Kabumba.

"Thérèse." Sauti ya mama ilikuwa ndogo sana. Nyuma yake kulikuwa na upepo na mlio wa lori linalobadilisha gia. "Batoto ya hapa bamenionyesha video. Banasema, ona binti yako analilia gavana."

"Mama..."

"Mi nimebaambia hapana. Mutoto wangu hawezi mwita ule mutu vile. Yaya yake ni moja." Akapumua. "Umelia kama mutu anajua. Umesema barabara. Barabara gani, Thérèse? Damien iko wapi?"

Nje, nyayo nyingi zilikuwa zikishuka ngazi za ghorofa, bila haraka, na mtu mmoja alikuwa akipiga ukuta kwa kitu cha chuma kila baada ya hatua. Thérèse aliufunga mlango kwa mgongo wake, akaushikilia.

"Mama, uko wapi sasa hivi?"

"Niko fasi yangu. Ku Mwiru, na samaki."

"Umekaa?"

"Nimekaa, juu ya kalavati. Kwa nini?"

Thérèse alifungua mdomo. Hakukuwa na pini ndani yake.

"Simama, Mama," alisema. "Mama yangu, simama. Yaya hakaliwi."

Upande wa pili akasikia kigoda kikiburutwa juu ya lami.